Bisibisi Sikioni

Maneno haya niliyasema Jumamosi jioni mbele ya vijana wa misikiti na makanisa waliokutana ukumbini hapa Mombasa. Kijana mmoja aliyarekodi na simu, nami nimeyapitia na kuyaacha yalivyotoka mdomoni.

Asalam alaikum. Bwana asifiwe. Na wewe ambaye salamu yako sijaitaja, hujambo mwanangu.

Kabla sijasema neno naomba kijana wa spika azime kila kitu, maiki hii pia, na simu zenu zilazeni kifudifudi, tukae kimya dakika moja tu. Msifumbe macho kama hamtaki. Kaeni tu.

...

Haya, asanteni. Mumeiona ndefu sivyo? Sasa niambieni, mumesikia nini? Feni, ndio. Ile ya kushoto beringi yake yaanza kuisha, nitaiangalia kabla sijaenda zangu. Tuktuk huko nje. Kunguru, hao Mombasa hawakosi. Binti hapa mbele asema amesikia honi ya meli upande wa Kilindini, kweli, hata mimi nimeisikia, imelia mara moja ndefu. Na yule bwana mdogo pale nyuma asema amesikia moyo wake ukipiga. Mwanangu hilo ulilosema nitalirudia.

Sauti zote hizo zilikuwepo tangu tuingie humu, hakuna aliyezileta. Sisi ndio hatukuwepo.

Mimi si shekhe wala si pasta, nataka mlijue hilo mapema msinipime kwa kipimo kisicho changu. Mimi ni fundi wa injini. Nilianza nikiwa kijana kama nyinyi, gereji moja huko Shimanzi, malori ya dizeli, baadaye nikahamia injini za boti, na mpaka leo mikono hii ukiinusa utasikia dizeli tu. Fundi aliyenifunza, Mungu amrehemu, miezi ya mwanzo hakunipa spana. Alinipa bisibisi ndefu akanambia kazi yako wewe ni kusikiliza. Ile ncha ya chuma unaiweka kwenye bloku injini ikinguruma, mpini unaubana hapa, kwenye mfupa nyuma ya sikio, sikio la pili unaliziba na kidole. Basi, kelele zote za gereji zapotea, wabaki wewe na injini, na wahamisha ile ncha polepole kama daktari anavyohamisha kipimo chake kifuani mwa mgonjwa. Tapeti, vile vidude vya kusukuma valvu, zikilegea wasikia mlio mwepesi huku juu, tik tik tik, na huo mlio waenda nusu ya mwendo wa krenki, ule mhimili mkuu wa chini unaozungushwa na pistoni, maana kemshafti, mhimili wa kufungulia valvu, huzunguka mara moja krenki ikizunguka mbili. Beringi ya konrodi, ule mkono wa kuunganisha pistoni na krenki, ikifa mlio wake mzito, watoka chini, dug, dug, na ukikanyaga mafuta wazidi. Asiyejua akisikia zote mbili husema gari yalia. Basi, gari yalia. Lakini moja ni kazi ya nusu saa na nyengine ni kufungua injini nzima.

Siku moja ililetwa lori, mwenyewe akasema kwa uhakika kabisa kwamba tatizo ni pampu. Nikachukua bisibisi nikaweka sikioni, nikasikiliza, nikasema ndio, pampu. Nikaifungua, siku nzima hiyo, jua la Shimanzi mwalijua. Pampu nzima, haina kitu. Fundi wangu akaja jioni, hakunigombeza, aliniuliza tu, wakati umeweka bisibisi sikioni, ulikuwa wasikiliza injini au wasikiliza yule mwenye lori? Nilikosa jibu. Maana mdomo wangu ulikuwa umenyamaza kweli lakini ndani ya kichwa kulikuwa na mtu asema pampu, pampu, pampu, na injini haikupata nafasi hata ya kusema neno moja.

Hilo ndilo nimekuja nalo leo, mengine yote ni kulizunguka hilo. Kunyamaza mdomo si kazi, hata jiwe limenyamaza. Kazi ni kumnyamazisha yule wa ndani aliyekwisha kuamua.

Hebu tuiangalie lugha yetu kidogo, mimi hupenda sana haya mambo. Sisi twasema nasikia njaa. Nasikia baridi. Nasikia harufu ya viazi vya karai. Nasikia uchungu. Njaa haina sauti jamani, na hata hivyo twaisikia! Wazee walioiweka hii lugha walijua kusikia si kazi ya masikio peke yake, ni mwili mzima. Kisha ukitaka kusema mtu ameelekeza moyo wake wasema anasikiliza. Na watu wawili wakielewana twasema wasikilizana, wakigombana twasema wale siku hizi hawasikilizani, hatusemi tu hawazungumzi, kwa sababu waweza kuzungumza kutwa nzima na msisikilizane. Ugonjwa ukikataa kupona twasema hausikii dawa. Mtoto mwema ni mtoto msikivu. Tazama kitu gani kimebebwa na neno moja, elewano, uponyaji, adabu, vyote vyaingilia mlango mmoja.

Sasa nije kwa dini, na nitasema kwa heshima kwa sababu tumechanganyika hapa na najua kuna waliosoma kuliko mimi.

Kwa sisi Waislamu, kwenye Surat Al-A'raf aya ya 204 twaambiwa isomwapo Qur'ani isikilizeni na mnyamaze, mpate kurehemewa. Nilikuwa nimeisikia aya hiyo tangu chuo cha Qur'ani, ni juzi juzi tu niligundua kwamba ni amri mbili. Isikilizeni, hiyo moja. Mnyamaze, hiyo ya pili. Kama kunyamaza kungetosha kusingekuwa na haja ya ile ya kwanza, na kama kusikiliza kungewezekana huku moyo wapiga domo kusingekuwa na haja ya hii ya pili. Na aya inayofuata mara moja, ya 205, yasema umkumbuke Mola wako ndani ya nafsi yako, kwa unyenyekevu, bila ya kupaza sauti. Na mwajua hukumu ya Ijumaa, khatibu akiwa juu ya mimbari, ukimwambia jirani yako nyamaza basi hata wewe umefanya upuuzi. Yani hata kile kimya usikitafute kwa kelele. Bibi Maryam naye aliporudi kwa watu wake na mtoto mikononi, wakati ambapo mwanamke yeyote angejitetea mpaka sauti imkauke, aliamrishwa afunge kusema, akaashiria mtoto tu. Mimi kila nikisoma pale husimama.

Ndugu zangu Wakristo nanyi mna nabii Eliya kule mlima Horebu. Upepo mkali wa kupasua miamba, Bwana hakuwamo, tetemeko la nchi, hakuwamo, moto, hakuwamo, na baada ya moto sauti ndogo ya utulivu. Mna Samweli pia, yule mtoto aliyeitwa na Mungu usiku, akasikia vizuri kabisa, akakimbia kwa Eli, kuhani aliyekuwa akimtumikia, mara tatu, kwa sababu alisikia sauti akadhani aijua ni ya nani. Sikio zima, lakini nishaamua ni Eli. Lori na pampu! Na aliyemfunza jinsi ya kusikiliza alikuwa huyo huyo mzee Eli ambaye macho yake yashaanza kuingia giza.

Lakini ninayempenda zaidi ni Ayubu, na marafiki zake watatu, Elifazi, Bildadi na Sofari. Watu huwalaumu sana wale mabwana na walaumiwe, lakini kitu kimoja walikifanya vizuri kuliko sisi tunavyofanya matangani. Walipomuona rafiki yao walikaa naye chini, siku saba mchana na usiku, hakuna aliyemwambia neno, kwa sababu waliona uchungu wake ni mkuu. Siku saba. Mabaya yao yalianza siku walipofungua mdomo kumweleza ni kwa nini yamempata. Sisi twaenda kwa mfiwa, hata viatu hatujavua vizuri, twaanza. Ni mipango ya Mungu. Jikaze. Angalau amepumzika. Una watoto wengine. Na mama wa watu amekaa kwenye mkeka anatuitikia ndio, ndio, ndio, na hana aliyemuuliza. Nimefiwa, najua ninachosema. Nilikuwa na jirani, alikuja kila siku baada ya alasiri, akakaa pembeni yangu, chupa yake ya kahawa katikati, saa moja, akaondoka. Sikumbuki neno lake hata moja na yeye ndiye nisiyemsahau.

Kisha nisikifiche hiki, na najua kuna atakayekasirika. Sisi watu wa dini, wa pande zote, twafungulia spika sana. Sisemi adhana, adhana ni wito na ni dakika chache, wala sisemi watu wasiimbe, kuimba ni ibada. Nasema yale mashindano. Huyu aongeza sauti kwa kuwa yule wa ng'ambo ya barabara ameongeza, na katikati kuna mgonjwa, kuna mtoto wa mtihani, kuna mama aliyetoka shifti ya usiku. Kenya hii tuna kanuni za kelele tangu mwaka 2009 lakini mimi sijaja kuwatisha na kanuni. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa safarini na masahaba wakawa wapaza sauti kwa takbiri, akawaambia jihurumieni, hamumwiti kiziwi wala asiyekuwepo. Hilo neno naliogopa. Moja katika majina ya Mwenyezi Mungu ni Samii, Mwenye kusikia. Kama Yeye asikia mchwa kwenye mbao, basi ile spika ni ya nani?

Nikumbuke na jamaa zetu Wamijikenda, maana mara nyingi tukizungumza dini hapa pwani twawaruka. Miaka ya nyuma nilienda Diani kutengeneza injini ya boti, kazi ikaisha mapema, rafiki yangu Mdigo akanipeleka Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo. Tulifungwa kaniki kiunoni, tukaambiwa humu hakuna kupiga kelele, hakuna kuvunja tawi, hakuna kutoka na kitu. Mimi na dini yangu na yeye na mila yake, sikwenda kuabudu. Lakini nilipopita chini ya ile miti nilishtuka jinsi nilivyokuwa nasikia hatua zangu mwenyewe. Misitu ile ya kaya imetandaa pwani hii karibu kilomita 200, mwaka 2008 UNESCO iliitia kwenye urithi wa dunia, na yamebaki hayo yaliyobaki kwa sababu wazee walisema hapa patasimama kimya na watu wakawasikia. Pale ambapo hapakuheshimiwa twajua palivyokuwa, shamba, mgodi, hoteli.

Sasa nifike pale nilipokuwa naogopa kufika. Hili nalisema kwa ruhusa, nilimuuliza mwenyewe wiki iliyopita akanambia baba sema, huenda likamfaa mtu.

Nina mtoto wa kiume. Alipomaliza shule alianza kubadilika, na mimi baba yake nikaanza kuhutubia. Kila jioni nikirudi kazini, kabla sijaosha mikono, nasimama mlangoni mwa chumba chake naanza. Angalia watoto wa fulani. Umri wako mimi nilikuwa nalisha nyumba. Utakuja kujuta. Maneno ya kweli yote, hakuna la uongo hata moja, na kila siku yeye aniambia neno moja, niko sawa baba. Miaka miwili, niko sawa baba. Mimi fundi, ninayeweza kukwambia beringi ya ngapi imekufa bila kufungua kitu, sikusikia. Alikuwa analia kama tapeti, kwa miaka miwili, chumba cha pili.

Ikafika usiku mmoja stima zikapotea mtaa mzima. Mwezi wa pili, joto la Mombasa wenyewe mwalijua, ndani hakukaliki, nikatoka nikakaa kwenye baraza ya nje, na yeye akatoka akakaa upande wa pili kwa vile hakuna pengine pa kwenda. Nilikuwa nimechoka, siku hiyo nilishinda ndani ya boti, na wallahi sikuwa na neno lililobaki. Si kwamba nilikuwa na hekima yoyote, nilikuwa nimeishiwa tu. Tukakaa. Hakuna feni, hakuna tivii ya jirani, mbu na mbwa wa mbali. Nusu saa hivi, labda zaidi. Kisha nikamsikia apumua kwa nguvu, akasema, baba, mimi natumia unga. Unga wenyewe ni heroini.

Nitawaambia ukweli wa kilichotokea ndani yangu. Hotuba yote ilisimama. Ya miaka miwili, imejipanga kama jeshi, yataka kutoka. Na nikakumbuka, kwa nini sijui, nikakumbuka ile bisibisi. Nikakumbuka kuziba sikio la pili kwa kidole. Nikasema moyoni ewe Mola nizuie huu ulimi, na hiyo ndiyo dua fupi kuliko zote nilizowahi kuomba na ndiyo niliyoiomba kwa moyo wote. Nikanyamaza. Akaendelea. Akanambia alipoanza, maskani gani, na nani. Akanambia kuhusu rafiki yake aliyefariki, nilimjua yule mtoto, alikuwa ala kwangu, na nilipoambiwa amekufa nilimwambia mwanangu hivi, umeona mwisho wake? Hayo ndiyo niliyomwambia mtoto aliyefiwa na rafiki. Akanambia baba siku ile nilikuwa nataka kukwambia. Akanambia arosto, yale mateso ya mwili ukiukosa unga, ni nini, mifupa yauma vipi, kwa nini mtu huiba simu ya mamake mwenyewe na huku alia. Yote hayo sikuyauliza. Kama ningeuliza nisingepewa.

Mpaka adhana ya alfajiri nilikuwa nimesema neno moja tu, kila baada ya muda, nakusikiliza, nakusikiliza. Wala sikumkumbatia kama kwenye sinema. Nilimuongezea maji kwenye gilasi. Asubuhi tukaenda pamoja kliniki kuuliza mambo ya methadoni, dawa wanayopewa wanaotaka kuacha heroini, na baada ya hapo safari ikaanza, na ni safari, yaani kuna asubuhi yuko wa kwanza kwenye laini kunywa dawa yake, na kuna wiki alituponyoka tukamtafuta usiku na tochi. Leo yuko nyumbani. Leo, ndivyo ninavyoweza kusema.

Nilikwenda kuswali alfajiri ile nikiwa sijalala, na nikasujudu, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi sikuwa na orodha ya kuomba. Nilikaa tu pale chini. Yule kijana aliyesema amesikia moyo wake ukipiga, mwanangu, hapo ndipo na mimi nilipousikia wangu, paji la uso kwenye mkeka, dug, dug, dug, nikajua kuna anayeupiga na si mimi. Tangu lini alikuwa anaupiga na mimi niko mlangoni nahutubia? Tangu siku hiyo siwezi tena kutenganisha mambo haya mawili, kumsikiliza mtoto wangu na kumsikiliza Mola wangu, kwa sababu nilipewa sikio moja usiku mmoja na likafanya kazi zote mbili.

Mutaniuliza wapi pa kupata kimya katika mji huu. Nimeulizwa hilo mara nyingi. Matatu zina bufa chini ya kiti, nyumba zimebanana, mko watu wanane vyumba viwili, naelewa, simwambii mtu ahamie pangoni. Mimi nimekipata kwenye feri ya Likoni, asubuhi, nimebanwa na watu mia kadhaa, hakuna pa kugeuka, nikaamua leo sitatoa simu, nitawatazama tu hawa walio karibu yangu na kuwaombea. Nimekipata ufukoni pale Mama Ngina wakati maji yajaa, saa kumi na mbili asubuhi kabla ya wauza madafu. Kahawani pia, na hapo nawashauri sana, kaa na wazee, kunywa kahawa yako tungu na kashata, na usiseme. Watakusahau kwamba upo. Utasikia mambo ya mji huu ambayo hakuna mtu aliyeyaandika.

Na hizi hedifoni. Sizichukii. Lakini jiulize mwanangu, ukizivaa asubuhi mpaka usiku, ni kwa sababu wapenda muziki au ni kwa sababu waogopa kitakachosema kukiwa kimya? Mimi nilikuwa na hotuba zangu, wewe una hedifoni, na huenda twakimbia kitu kimoja. Hilo sikujibii. Lijibu ukifika nyumbani.

Nimesema mengi kwa mtu aliyekuja kusifu kimya, basi naishia hapa tufanye kazi. Kila mmoja ageukie mwenziwe, na tafadhali usimchague rafiki yako, mchague usiyemjua, wa kanzu amtafute wa msalaba. Dakika tano mmoja atasema, umeshindaje wiki hii, hilo tu ndilo swali. Mwengine hasemi kitu. Hana ushauri, hana hata mimi pia yalinipata. Akinyamaza mwenzio usimjazie, ngoja, huenda ndio kwanza yaja. Kisha mtabadilishana. Na ukisikia ndani yako pampu, pampu, pampu, ziba kidole urudi.

Kijana, zima na hizo feni. Jasho litatoka kidogo, litakauka. Saa yangu hii ni kumi na dakika ishirini. Geuzeni viti.